Bodaboda Inayopenya Kizuizi

Ajia, Arua

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anauliza likizo hii utakuja lini kutoka Koboko. Mchezo wako wa bodaboda nimeupokea, na nimeucheza mpaka betri ikazima. Umenifurahisha sana, ndiyo maana nataka tuunyooshe.

Kwenye kompyuta yangu pikipiki inakimbia vizuri. Kwenye simu ya bibi yako inajikokota. Chanzo ni mstari mmoja: umeiamuru isogee pikseli 5 kwa kila fremu. Kompyuta inachora fremu 60 kwa sekunde, basi pikipiki inakwenda pikseli 300. Simu ile inachora 20, inaambulia 100. Mwenye simu hafifu anacheza mchezo mwingine kabisa. Acha kuhesabu fremu, hesabu muda: chukua kasi, izidishe kwa sehemu ya sekunde iliyopita tangu mara ya mwisho. Kuruka ni vivyo hivyo. Pikipiki ikiondoka na kasi ya pikseli 600 kwa sekunde kwenda juu, na mvutano ukipunguza kasi hiyo kwa 1,800 kila sekunde, itafika kileleni baada ya theluthi ya sekunde, pikseli 100 kutoka ardhini, kisha itaanza kushuka. Mvutano unabadilisha kasi, kasi ndiyo inayobadilisha mahali.

Ukiishia hapo, utakuta tatizo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Pikipiki yako ina urefu wa pikseli 24, kizuizi cha barabarani unene wa 10. Ikikimbia 1,200 kwa sekunde kwenye simu ya fremu 20, kila hatua ni pikseli 60. Fremu hii iko upande huu wa kizuizi, fremu inayofuata iko ng'ambo. Programu inauliza tu kama mistatili miwili, wa pikipiki na wa kizuizi, imepandana sasa hivi. Haijui kilichopita katikati, kwa hiyo inajibu hapana, na dereva anapenya chuma kizima.

Dawa yake ni kukata muda vipande vya 1/60 ya sekunde. Simu ikichelewa, ipige hatua tatu za hesabu, na katika kila moja ikague mgongano, kisha ichore mara moja. Hatua inakuwa pikseli 20, nayo haiwezi kuvuka 34, yaani pikipiki na kizuizi kwa pamoja. Godot, injini ya michezo unayotumia, ina sehemu yake ya hesabu za mwendo ambayo kwa kawaida huitwa mara 60 kwa sekunde. Hamishia kila kitu huko. Na vitu vikigusana, irudishe pikipiki nje kupitia upande ulioingia kidogo zaidi, ufute kasi ya upande huo peke yake. Ikikwaruza ukuta wa duka iendelee kuteleza, isigande kama ilivyo sasa.

Nakusisitizia simu dhaifu kwa sababu ndizo tulizo nazo hapa. Unamjua Lual Mayen, yule kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini huku kaskazini mwa Uganda? Mama yake aliweka akiba miaka 3 hadi akapata dola 300 za kompyuta, naye akawa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Akatengeneza Salaam, mchezo wa simu wa mtu anayekimbia vita akitafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitunukiwa katika The Game Awards kule Los Angeles. Mchezo wa namna hiyo ukikwama kwenye simu ya mkimbizi, umemkosa mtu uliyemtengenezea.

Basi rekebisha hatua kwanza, picha na sauti ziache zilivyo. Usinitumie kabla hujaujaribu kwenye simu mbovu kuliko zote hapo bwenini, kwa gia ya juu, ukiigongesha pikipiki kwenye kizuizi mara nyingi mfululizo.

Mjomba wako