Safari ya Diani: Binti Anapotaka Kuruka Kutoka Angani

Ukivuka feri ya Likoni kutoka Mombasa na kushika barabara ya kusini, utafika Ukunda, mji wenye makelele ya tuktuk na harufu ya viazi karai. Hapo unakata kushoto kuelekea baharini, na baada ya mwendo mfupi unaingia Diani. Wengi wetu akina mama tunaijua Diani kwa mchanga wake mweupe, kwa mibuyu yake minene, na kwa wale mbega weusi wenye nywele nyeupe mabegani, ambao wametundikiwa ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Ni wachache wanaojua kwamba huko huko watu hupanda ndege katika uwanja mdogo wa Ukunda, wakapaa juu sana, kisha wakajitupa nje wakiwa na mwavuli wa parachuti na kutua ufuoni.

Sisi hatukwenda kuogelea. Tulikwenda kwa sababu ya binti wa mwenzetu.

Tu akina mama watano wa chama kimoja cha kuweka akiba, na mwenzetu huyu ni fundi wa kushona nguo. Binti yake wa kwanza ana miaka 20 na anasomea ualimu. Mwaka juzi shangazi yake, ambaye ni mwuguzi huko Abu Dhabi, alimwalika kwa likizo, akampeleka kisiwa cha Yas kwenye jumba ambalo watu hurushwa na upepo ndani ya bomba kubwa la kioo. Binti aliporudi hakuwa na habari ya maduka wala ya magorofa. Habari yake ilikuwa upepo tu. Tangu hapo akawa anasuka nywele za wanafunzi wenzake jioni na siku za Jumamosi, akidunduliza kwa miezi 14 bila kumwomba mtu hata senti. Fedha zilipotimia ndipo akamwambia mama yake zilikuwa za nini.

Mwenzetu hakupata usingizi siku tatu. "Huyu nimembeba mgongoni," alituambia kwenye mkutano wetu wa mwezi, "na sasa anataka kufungwa kifuani mwa mtu asiyemjua, atupwe nje ya ndege. Baba yake amesema niamue mimi. Nitaamuaje jambo nisilolijua?" Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tukakata shauri kwamba hatutamwacha aende peke yake.

Treni ya kutoka Nairobi hadi Mombasa huchukua saa tano au sita, na muda mwingi binti aliutumia kutufundisha. Mpenzi msomaji, sisi tulidhani anayeanguka kutoka angani huzidi kwenda kasi mpaka chini. Sivyo. Kasi huongezeka kwa sekunde kama 12 hivi, kisha hewa anayokutana nayo inamsukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake, na kasi haipandi tena. Mtu aliyelala kifudifudi hufikia kilomita 190 au 200 kwa saa na kubaki hapo. Lile bomba la kioo linageuza mambo: badala ya mtu kuuangukia upepo, mafeni makubwa yanavumisha upepo wa kasi hiyo kutoka chini kwenda juu, naye analala juu yake kama anavyoelea mtu baharini. Chini yake kuna wavu, na mwalimu amesimama kando akimshika. Ndiyo maana hata watoto wadogo hukubaliwa humo, na warukaji hodari huenda kufanya mazoezi humo bila kupanda ndege. Bomba la Yas, lililofunguliwa mwaka 2019, lina upana wa karibu mita 10 na kimo cha mita 32. Zamu ya mgeni ni kama dakika moja. Utaona ni fupi, lakini hata anayeruka kutoka kwenye ndege hapati zaidi ya hapo kabla mwavuli wake haujafunguliwa.

Kwa kuwa upepo una kelele nyingi, watu huongea kwa vidole. Vidole viwili vilivyonyooka maana yake nyoosha miguu. Vikikunjwa, kunja magoti. Kidole chini ya kidevu, inua kidevu. Tulipokaribia Voi abiria wenzetu walikuwa wakitushangaa, wanawake watu wazima tunaonyeshana vidole na kucheka. Mwenzetu peke yake alikuwa ametazama nje dirishani.

Ijumaa alasiri tulifika kwa hao warukaji. Mwalimu mmoja alitupokea vizuri, akataka kutuonyesha picha. Mwenzetu alimkatiza kwa heshima: "Mwalimu, picha tutaziona baadaye. Nionyeshe mahali mnapokunjia hiyo miavuli."

Tulipelekwa kwenye sakafu iliyotandikwa zulia. Mwenzetu alipiga magoti, akashika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada kama afanyavyo sokoni. Ni nailoni nyepesi sana, na ndani yake kuna nyuzi nene zilizofumwa kwa miraba midogo ili mpasuko ukianza usiende mbali. Kijana anayekunja, mwenyeji wa Ukunda, alimweleza kwa subira kwamba mwavuli huu haufanani na ule wa mvua. Una vyumba vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu, kama foronya zilizopangwa, wazi mbele na zilizozibwa nyuma. Hewa ikiingia zinatuna, na nguo inageuka kuwa bawa linaloweza kuongozwa kwa kamba mbili. Ule wa kubeba watu wawili una zaidi ya mita za mraba 30.

"Na hiki kitambaa cha pembe nne chenye pete kila pembe, ni cha nini, mwanangu?"

"Hiki ndicho breki yake, mama. Tunapokunja tunakipandisha hadi juu kabisa ya kamba. Mwavuli ukianza kujaa hewa, wenyewe unakisukuma chini polepole. Bila hiki ungefunguka kwa kishindo cha kuumiza mtu."

Mwenzetu alikaa kimya, akakipitisha kile kitambaa kwenye kamba, juu na chini, mara tatu. "Aliyefikiria hili anajua nguo," alisema.

Wala si ajabu. Mmoja wa watu wa kwanza kuukunja mwavuli ndani ya mfuko alikuwa Mjerumani Käthe Paulus, aliyezaliwa mwaka 1868, ambaye kazi yake ilikuwa kushona. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitengeneza miavuli ipatayo 7,000 kwa ajili ya jeshi la nchi yake.

Tuliambiwa mengi siku hiyo, na hatutayaandika yote. Kila mfuko una miavuli miwili, mkubwa na wa akiba, na ule wa akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti. Kuna pia kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima kimo na kasi. Kikiona mtu bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi, chenyewe kinafungua ule wa akiba. Vifaa vya namna hiyo vinavyotumika sana leo vilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1991. Watu wawili waliofungwa pamoja ni wazito, kwa hiyo mwalimu hutangulia kutoa kimwavuli kidogo cha kuwapunguzia kasi.

Mwenzetu alipoona maelezo yamekuwa mengi, aliuliza wazi: "Watu hufa?"

"Ndiyo, mama, hufa," mwalimu alijibu, nasi tulimheshimu kwa jibu hilo. Alitueleza kwamba ajali nyingi siku hizi huwapata wenye mwavuli uliofunguka vizuri kabisa, wanaorukia peke yao, ambao hukata kona kali karibu na ardhi ili watue kwa mbwembwe. Chama cha Parachuti cha Marekani kilihesabu vifo 10 katika mwaka wa 2023, watu wakiwa wameruka mara zipatazo milioni 3.65. Hesabu hiyo ni ya huko Marekani, lakini inampa mtu picha.

"Mimi sina milioni tatu," alisema mwenzetu. "Ninaye huyu na wadogo zake wawili."

Ikaletwa fomu, na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Fomu ilikuwa na mahali pamoja tu pa sahihi, pa mrukaji mwenyewe. Kwa kuwa binti amepita miaka 18, hakuna aliyemwuliza mzazi chochote. Jina la mama liliandikwa chini, kwenye mstari wa mtu wa kupigiwa simu. Mwenzetu aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Binti naye hakutia sahihi. "Mama, ukisema hapana, tutarudi nyumbani," alisema. "Lakini nataka uiseme ukiwa umeona." Mama yake akamwambia aiweke karatasi mpaka asubuhi.

Usiku ule tulibishana sana. Mmoja wetu alishikilia kwamba Yesu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka kinara cha hekalu, na kwamba huku ni kumjaribu Mungu. Mwingine akajibu kwamba yule shetani hakuwa amempa mwavuli, wala wa akiba. Tukacheka, lakini swali lilibaki mezani. Wa tatu akakumbusha kwamba kila asubuhi tunapakia watoto watatu kwenye bodaboda moja, bila kofia, nasi tunawapungia mkono na kurudi jikoni. Hapo tulinyamaza. Kwa upande wa gharama tulikuwa na neno moja: ni ghali mno, inazidi kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa wengi wetu. Hata hivyo fedha zile hazikuwa zetu.

Jumamosi kulikuwa na mawingu, tukaambiwa tusubiri, kwa maana hawaruki bila kuiona ardhi. Tulikaa mchangani tukila mahamri na mbaazi huku maji yakipwa, na binti akatusimulia habari za Georgia Broadwick wa Marekani, aliyeitwa Tiny kwa udogo wa umbo lake. Huyu aliolewa akiwa mtoto, akazaa akiwa na miaka 13, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba. Mwaka 1908, akiwa na miaka 15, alianza kuruka na mwavuli kutoka kwenye puto katika maonyesho, na mtoto wake akabaki kulelewa na bibi. Mwaka 1913, huko Los Angeles, aliruka kutoka kwenye eropleni, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alipoacha mwaka 1922 alikuwa ameruka zaidi ya mara 1,000, na aliishi mpaka mwaka 1978.

"Na yule bibi aliyebaki na mtoto," mwenzetu aliuliza, "kuna aliyeandika habari zake?" Binti hakuwa na jibu.

Yapata saa tano mbingu zikafunguka. Mwalimu akaja na mikanda. Mwenzetu alisimama, akakung'uta mchanga kwenye leso yake, akamwita binti. Akamkusanya zile nywele alizosuka, akazifunga mwenyewe kwa nguvu, fundo juu ya fundo. "Tia sahihi," akasema.

Ndege ilipopaa tuliifuata kwa macho mpaka ikawa kama nzi, kisha sauti tu. Wanaporuka hauwaoni, na hiyo ndiyo dakika ndefu. Tulishikana mikono. Kisha kwa mbali kabisa kikatokea kitu cha rangi, kama ua lililodondoka, kikaanza kuzunguka taratibu juu ya bahari. Kushuka kwa mwavuli ni dakika tano hivi. Walipokaribia tulimwona binti ameinua miguu kama alivyofundishwa, na mwenzetu, ambaye kwenye treni hakutaka hata kututazama, alikuwa ameweka kidole chini ya kidevu chake, akimwonyesha. Walitua kwa kukaa, mchanga ukaruka.

Binti hakupiga kelele tulivyotarajia. Alisema haikuwa kama kuanguka, ni upepo ule ule wa Abu Dhabi, ila hapa uliona mwamba ukichora mstari mweupe kwenye maji, na upande wa pili Shimba Hills kijani kitupu. Baadaye ndipo alipouliza, kana kwamba hana nia, mtu hujifunzaje kuruka peke yake. Mwalimu akasema leseni ya kwanza kule Marekani hutaka aruke si chini ya mara 25.

"Maliza chuo kwanza," mama yake alisema.

"Nikimaliza?"

Mwenzetu hakujibu. Alikuwa amekwenda kwa yule kijana wa kukunja kumwuliza kama wana kipande cha mwavuli mzee wasichokitumia. Alipewa kipande cha kama leso nusu. Katika treni ya kurudi, binti akiwa amelala begani mwake, alikitoa mkobani pamoja na kiwembe, akaanza kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, aone umeshonwaje.