Mbipi wa Mwanza: Kila Dume na Mwamba Wake

Mgeni anayeingia Mwanza kwa mara ya kwanza hulakiwa na mawe. Mawe yamepandana vilimani, nyumba zimejibanza kati yake, na hata ziwani mengine yametokeza vichwa, lile la Bismarck likiwa mashuhuri kuliko yote. Asiyejua hudhani kwamba mji wa mawe unakoma pale maji yanapoanzia. Kumbe chini ya maji mawe huendelea, na huko nako wako wenyeji, kila mmoja na mlango wake, mipaka yake, na ugomvi wake na jirani.

Wenyeji hao ni mbipi, yaani furu wa miambani. Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, na wataalamu wanakadiria kwamba aina zao zilipita 500. Wavuvi huwatumia kama chambo cha sangara, nami sikuwajua kwa lolote jingine mpaka siku nilipomtembelea dada yangu huko Kirumba. Nilimkuta mwanawe, kijana wa kidato cha pili, ameinama mbele ya tangi la kioo lenye urefu wa mita moja.

"Shikamoo, mjomba," alisema bila kuinua macho. "Hawa wanauana."

Alikuwa amenunua samaki wake kwa vijana wauza chambo: madume mawili mekundu na majike matatu ya rangi ya kijivu. Katikati ya tangi alipanga rundo moja zuri la mawe. Dume moja lilikwisha kulitwaa rundo lote. La pili lilikuwa limejikunyata pembeni, karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika na wekundu wake umefifia ukawa kama majivu. Kulipokucha, tulilikuta limekufa.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," dada yangu alitoa hukumu kutoka jikoni, akapendekeza tangi lipandwe maua.

Kijana hakuridhika na hukumu hiyo, nami sikuridhika. Jumamosi iliyofuata tulimwomba mzee mmoja mvuvi atupeleke kwa mtumbwi hadi kwenye kisiwa kidogo cha mawe, mbali kidogo na mji, ambako maji ni maangavu zaidi. Ziwa lilikuwa shwari. Mzee aliacha kupiga kasia, akatuonyesha kwa kidole. Kiasi cha mita moja chini yetu, dume la buluu lilikuwa likitoka na kuingia katika ufa wa mwamba. Jirani yake alipokaribia, lilimfukuza kwa kasi, kisha likageuka ghafla kana kwamba limegonga ukuta.

"Umeona alipogeukia, mjukuu wangu?" mzee aliuliza. "Shamba lake linaishia pale. Akivuka, yeye ndiye atakayefukuzwa."

Tulitazama muda mrefu. Madume yalisimama ubavu kwa ubavu, yakatanua mapezi, yakatikisika, kisha yakaachana bila kung'atana. Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu la Kirumba. Ziwani anayeshindwa hukimbia, na mshindi humwacha aende zake. Katika tangi mwenye kushindwa hana pa kukimbilia, naye mshindi humwona mbele yake saa zote, akadhani bado anapingwa. Ukali ni ule ule. Kilichokosekana ni mahali pa kujisitiri.

Samaki mwekundu wa mpwa wangu ana jina la heshima. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi, Witte-Maas na Witte, waliokuwa wakichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, walimwita nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ndugu yake wa buluu anaitwa pundamilia, kwa ajili ya milia yake. Huyu wa buluu hupenda maji ya juu, na mwekundu hukaa chini zaidi. Majike hukusanya mayai kinywani na kuyalea humo kwa wiki tatu hivi, na huchagua dume kwa rangi yake. Madume nayo huchagua adui kwa rangi: utafiti umeonyesha kwamba dume hulishambulia zaidi dume la rangi yake mwenyewe kuliko la rangi nyingine.

Tuliporudi nyumbani tulianza upya. Tuliondoa mawe yote, ili dume lile lisiwe na mpaka wa zamani wa kuulinda. Tulijenga marundo matatu, mawili mwishoni mwa kila upande na moja refu katikati, la kuzuia macho, ili wa kushoto asimwone wa kulia. Kila rundo lilikuwa na mapango yenye njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Tuliongeza majike yakafika saba, ili bughudha ya dume igawanyike isimwangukie mmoja, na dume jipya tuliliingiza baada ya kupanga mawe, si kabla. Siku mbili za kwanza kulikuwa na mbio. Siku ya tatu kila dume lilikuwa na mwamba wake, yote mawili yamewiva wekundu, na ugomvi umebaki kuwa wa kutanua mapezi.

Kijana alitaka kuongeza dume la buluu, kwa kuwa wa rangi mbili hupigana kidogo. Nilimkataza, na sababu yake ndiyo kiini cha habari hii. Katika maabara, majike ya aina hizi mbili yaliwekwa chini ya taa ambayo haikuruhusu rangi kutofautishwa, nayo yakashindwa kumchagua wa kabila lake. Jambo hilo hutukia ziwani pia. Katika kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, wekundu na wa buluu wako mbalimbali. Katika kisiwa cha Luanso, kusini mwa ghuba, penye maji ya tope, rangi zimechujuka na aina zimechanganyika. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake waliandika kwamba maji yanapopoteza uangavu, aina za furu hupotea bila hata mmoja kuvuliwa. Sangara, waliopandwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuenea mno katika miaka ya 1980, walikwisha kula furu wengi sana, na aina zinazokadiriwa kufika 200 zilitoweka. Mbipi walinusurika zaidi kwa kuwa miamba iliwaficha. Lakini mwamba haumfichi samaki asipate maji machafu.

Siku ya kuondoka kwangu mvua kubwa ilinyesha. Tukielekea kituo cha mabasi tulivuka Mto Mirongo, ambao ulikuwa umefura, wa rangi ya kahawia, ukibeba udongo, maganda ya ndizi, viatu vibovu na uchafu wa vilimani, vyote vikielekea ziwani. Mpwa wangu alisimama darajani.

"Mimi hubadilisha robo ya maji ya tangi kila Jumapili, mjomba," alisema. "Na haya je?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikumbuka tu kwamba asubuhi ile ile nilimwona dada yangu akikaripia jirani aliyetaka kumwaga taka mferejini. Jirani alinung'unika, kisha akachukua ndoo yake, akaipeleka jalalani.