Sehemu ya 5: Bwawa uani, na mteremko niliouona nikanyamaza



Wiki iliyopita tuliongea kuhusu ndoo za maji bafuni. Baada ya hapo wengi mkaniuliza: "Dada nesi, tumenunua lile bwawa la turubai lenye fremu za chuma, tunataka kuliweka uani watoto waogelee, ila uwanja wetu una mteremko. Tufanyeje?" Nimechelewa kujibu kwa sababu swali lenyewe limenigusa. Acha nianze na yaliyotukuta sisi.

Tunaishi Mwanza, na Mwanza mnaijua, ni mawe na vilima. Uwanja wetu unashuka kuelekea kwa jirani. Baba watoto akanunua bwawa la upana wa futi 12. Akaleta udongo kwa toroli, akajaza upande wa chini mpaka kwa macho ukalingana na wa juu, akashindilia kwa miguu. Asubuhi narudi kutoka zamu ya usiku nakuta maji yamejaa, watoto wanashangilia.

Nikaona kitu. Upande wa juu, maji yalikuwa chini ya ukingo kwa kiganja kizima. Upande wa chini yalikaribia kumwagika. Bwawa lilikuwa limelala upande! Niliona kabisa, ila nilikuwa nimechoka. Nikasema moyoni, nikiamka nitamwambia. Nikaenda kulala.

Mchana nikaamshwa na kishindo. Miguu ya fremu upande wa chini ilikuwa imezama kwenye ule udongo mpya, ukuta ukalala, maji yote yakashuka kwa mkupuo. Wakubwa walikuwa wameingia ndani kula. Mdogo wangu wa miaka minne alikuwa nje ya bwawa, upande wa chini, anaosha mdoli wake. Maji yalimbeba mpaka kwenye michongoma ya jirani. Nilimkuta anakohoa, mikono imechanika, kandambili moja hatujaipata hadi leo. Tukamkimbiza hospitali, wakamwangalia usiku kucha. Alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini mimi nafundisha kina mama usalama wa watoto kila siku, na siku ile nilinyamaza.

Sasa sikiliza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Bwawa kama letu, futi 12 kwa kina cha sentimita 76, linabeba kama lita 6,500. Ni zaidi ya simtanki la lita 5,000, ni tani sita na nusu zimekaa uani kwako juu ya turubai. Ardhi ikiinama, maji yanakuwa na kina zaidi upande wa chini, na huko ndiko yanakosukuma ukuta kwa nguvu kubwa. Na udongo wa kujazia, hata ukiukanyaga vipi, ukibebeshwa mzigo huo unatitia.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usijaze bondeni, chimba mlimani. Punguza upande wa juu mpaka ufike usawa wa upande wa chini, bwawa likae kwenye ardhi ya asili ambayo haijaguswa.

Tulipoamua kurudia, alikuja mzee mmoja fundi ujenzi wa mtaani kwetu. Tulifanya hivi:

1. Kuchagua mahali. Mbali na msingi wa nyumba, isiwe juu ya karo la choo wala chini ya nyaya za umeme.

2. Kuchukua levo. Mzee alipigilia vigingi viwili, kimoja juu, kimoja chini, akashika mpira mwangavu uliojaa maji bila mapovu, ncha moja kila kigingi. Maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja pande zote mbili. Pale yalipotulia akaweka alama, kisha akapima kutoka kwenye alama hadi chini. Juu sentimita 30, chini 52. Tofauti sentimita 22! Sisi kwa macho tulidhani ni vidole vinne tu.

3. Kuchora duara. Kigingi katikati, kamba ya mita 2.15, unazunguka. Bwawa lenyewe nusu yake ni mita 1.83, hiyo nyingine ni nafasi ya kupita.

4. Kuchimba. Ng'oa majani yote, anza upande wa juu kwa sururu na jembe. Toa mawe na mizizi, vinatoboa turubai. Udongo uliotoka upeleke mbali, usiurudishe chini ya bwawa.

5. Kuhakiki. Ubao mnyoofu na pima maji juu yake, unauzungusha kama mshale wa saa. Panapoinuka parua.

6. Mchanga. Uliochekechwa, sentimita mbili au tatu tu, umwagie maji na kushindilia. Huo ni godoro la turubai, sio dawa ya mteremko.

7. Mfereji. Upande wa juu chimba kamfereji kidogo, maji ya mvua yapite pembeni yasije kula ardhi chini ya bwawa.

8. Kujaribu. Jaza maji kina cha kiganja, halafu pima kutoka ukingoni hadi kwenye maji, pande nne. Ikizidi tofauti ya sentimita mbili na nusu, mwaga uanze upya. Najua maji ni bili. Mwaga tu.

Ilituchukua Jumamosi mbili. Baba watoto alinung'unika Jumamosi ya kwanza, ya pili akawa ndiye anayeshika pima maji.

Na bwawa likishakaa sawa, kazi yako mama haijaisha. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele kama kwenye filamu. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu, hapiki, hashiki simu. Mkimaliza, ngazi iondolewe na ua ufungwe.

Ikitokea umemtoa mtoto majini hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mpulizie pumzi tano. Asipozinduka, kandamiza kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo hivyo wakati mwingine anapiga simu. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Na hata akizinduka, hospitali lazima.

Leo kama una bwawa uani, kabla watoto hawajaingia, zunguka ukaangalie maji na ukingo. Ukiona yamelala upande, usiseme nikiamka. Watoe watoto kwanza, na waliosimama upande wa chini pia.

Sehemu ya 6 tutaongea kuhusu dawa ya maji na macho ya watoto. Maswali niachieni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.