Kimwanga kidogo kilivyomlaza mtoto wa watu mahabusu

Msomaji wangu, leo nisamehe, sina stori ya mapenzi. Nina stori ya mkebe. Usiruke ukurasa kwanza, kwa sababu mkebe huo ulimlaza kijana wa watu mahabusu, na aliyeutengeneza ni mimi.

Nimeikumbuka juzi, nikiwa dukani kwa mshikaji wangu mmoja hapa Shinyanga mjini. Hesabu ya mauzo ilikuwa imepungua, kamera ya ukutani nayo haikurekodi kitu siku hiyo. Mshikaji hakufikiri mara mbili. "Kijana wa kaunta ndiye kaizima," akasema. Kijana mwenyewe kasimama pembeni, macho chini. Mwili ukanisisimka. Maneno kama hayo niliyasikia mwaka 1994, na nusura yamwangamize mtu.

Enzi hizo nilikuwa najifunza kazi kwa mjomba wangu, mwenye studio ya picha. Kama ulizaliwa zama za simu za kupigia picha, ngoja nikueleze. Picha ilikuwa haionekani hapohapo. Ulipiga filamu nzima, ukaipeleka studio, ikasafishwa na dawa gizani, halafu ndiyo ujue kama ulifumba macho. Chumba cha giza kilikuwa na taa nyekundu, ila hiyo ilikuwa ya kazi ya karatasi za picha. Filamu yenyewe haikutaka hata hiyo taa. Ulizima kila kitu ukafanya kazi kwa kupapasa, kama kipofu. Sekunde moja tu ya mwanga, kwisha habari: harusi ya mtu imegeuka weusi mtupu.

Siku moja akaja bwana mmoja kutoka upande wa Geita, mnunuzi wa dhahabu. Kijiji sitakitaja, na yeye simtaji. Wakati huo Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, mkoa wake ulikuja 2012. Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa tangu 1966, huu mkubwa wa sasa haujaanza, na vijana walichimba kwa sururu na kamba huku wanunuzi wakiwasubiri na mizani. Bwana yule akasema, "Nataka kila anayeniuzia mzigo apigwe picha bila kujua. Kesho akigeuka, nina sura yake."

Mjomba akacheka. Watu wa Shinyanga si wageni wa mambo ya ulinzi. Tangu Mkanada John Williamson agundue almasi Mwadui mwaka 1940, tumekua tukisikia habari za walinzi na kupekuliwa. Lakini kamera ya kumvizia mtu, kwetu ilikuwa kama sinema. Huko Marekani wenzetu walianza zamani. Mwaka 1957 mjini Cleveland, kamera ya filamu iliyofichwa ndani ya benki iliwanasa majambazi wakiwa kazini.

Mjomba alikuwa na kamera moja ya Kijerumani, Robot, aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama mji. Toleo la kwanza la kamera hizo lilitoka 1934. Raha yake ni kwamba ina springi. Unaikaza kama saa ya mezani, halafu kila ukibonyeza inapiga na kujisogezea filamu yenyewe, bila betri wala umeme. Kule machimboni ambako umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta lenyewe la kubembeleza, hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Picha zake ni za mraba, milimita 24 kwa 24, kwa hiyo filamu ya kawaida ya picha 36 ilitoa zaidi ya 50.

Ila picha 50 kwa mnunuzi wa dhahabu ni kitu gani? Tulitaka mita 10 za filamu, picha zaidi ya 300. Kwa hiyo ilibidi tutengeneze mikebe miwili: mmoja wa kutoa filamu, mwingine wa kuipokea ikishapigwa. Na mikebe hiyo isipitishe mwanga hata chembe.

Hapo mjomba akanikabidhi kazi. "Wewe si unajifanya fundi? Haya."

Bwana wee, nilitafuta makopo ya maziwa ya unga Shinyanga nzima. Fundi bati akanilehemea. Kifuniko tulikifanya kirefu, kishuke pembeni mpaka katikati ya mkebe na kiwe na mkunjo, kwa sababu mwanga huenda moja kwa moja, ukikutana na kona mbili tatu unachoka. Ndani tukapaka rangi ya ubao wa darasani. Usicheke, hiyo ndiyo rangi nyeusi isiyong'aa iliyopatikana kirahisi. Bati linalong'aa hurusha mwanga huku na huku kama kioo.

Kasheshe ilikuwa mdomo. Filamu lazima itoke, na panapotoka filamu ndipo panapoingia mwanga. Tukafanya kama viwanda vinavyofanya kwenye vile vikopo vidogo vya filamu. Tulibandika vipande viwili vya mahameli, kimoja juu kimoja chini, filamu ipite katikati ikibanwa na manyoya yake. Mahameli niliyapata kwa fundi cherehani, mabaki ya gauni la mtu.

Halafu majaribio. Unaingia gizani, unaweka kipande cha filamu ndani ya mkebe, unafunga, unauanika juani saa nzima huku ukiugeuza kila upande kama mahindi ya kuchoma. Kisha unaisafisha ile filamu. Ikitoka nyeupe, mkebe mzima. Ikitoka na weusi, rudia. Nilirudia mara nne. Mara ya tano ikatoka safi, nikatembea mjini kama nimepewa digrii.

Kamera ikafungwa machimboni ndani ya sanduku la mbao juu ya kaunta, na waya wa kubonyezea ukateremka hadi pedeli miguuni kwa karani. Karani alikuwa kijana wa rika langu, mpole. Kila muuzaji akija, anakanyaga mara moja, kisha anaandika kwenye daftari. Mwezi wa kwanza poa kabisa.

Mwezi wa pili bosi akalalamika. Picha zina mistari, kama mtu kazikwaruza kwa pini. Nikajua ni vumbi. Kule mawe yanapondwa usiku na mchana, na vumbi lile ni kali kama msasa. Mahameli hulikamata, filamu ikipita inachanika ngozi. Mjomba akaniambia nibadilishe mahameli na nifanye majaribio upya.

Sasa sikiliza upumbavu wa ujana. Ilikuwa Ijumaa. Jioni kulikuwa na disko, na kuna binti nilikuwa nimemwahidi. Badala ya kubadilisha, nilichukua wembe nikayanyoa manyoya ya mahameli ya mkebe wa kupokea, yasikamate vumbi. Nikapuliza, nikafunga. Majaribio ya jua? Sikufanya. Nikamwambia mjomba, "Tayari." Nikaoga, nikachomekea, nikaenda zangu.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu jioni, bosi akatua studio kwetu na mkebe umefungwa kwenye kanga. Jumamosi yake, wakati wa kufunga duka, pakiti moja ya dhahabu ilikuwa haionekani. Karani kasema hajui. Jumapili, jua limeshapanda, bosi akang'oa mkebe mwenyewe. "Safisheni, nione nani alikuwa kwenye kaunta mwisho."

Niliingia gizani. Nilipowasha taa na kuinua filamu ikiwa bado inachuruzika maji, tumbo likanikata. Kulikuwa na bapa jeusi, kisha picha kadhaa nzuri, kisha bapa jeusi tena. Picha za mwisho za Jumamosi zilikuwa zimemezwa.

Bosi akaitazama akapiga meza. "Si nilisema! Kaufungua mkebe ili aharibu ushahidi." Akatuambia kijana keshalala mahabusu usiku mbili na ataendelea kukaa humo mpaka aseme. Akaondoka kwa hasira, filamu akatuachia.

Usiku ule sikulala. Nilirudi studio, nikaitandaza filamu kwenye kioo chenye taa chini. Nilipoiangalia kwa utulivu nikaona kitu ambacho bosi hakukiona. Mtu akifungua mkebe wenye filamu iliyozungushwa, mzunguko wa nje unaungua wote, unaofuata unaungua kidogo, wa ndani unapona. Weusi unakuwa mkubwa sehemu moja halafu unafifia. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa na mabapa sita membamba, yaliyotenganishwa na picha nzima nzima. Filamu iliwekwa Jumatatu asubuhi ikatolewa Jumapili. Humo katikati kuna usiku sita, na mapambazuko sita.

Nikaelewa. Kila jioni duka likifungwa, filamu ilisimama, na picha za mwisho za siku zilikuwa pale kwenye mdomo wa mkebe. Asubuhi jua la mashariki lilipenya dirishani, likaingia kwenye tundu la sanduku, likatafuta upenyo na kuupata. Upenyo niliounyoa mimi kwa wembe. Basi kila siku picha za mwisho ziliungua. Siku nyingine hakuna aliyezihitaji. Jumamosi zilihitajika.

Nikahesabu picha kati ya bapa na bapa, nikaandika kwenye karatasi: 7, 19, 12, 4, 15.

Sasa kazi ikawa kumwambia mjomba. Nakwambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Bosi keshaamua, mjomba atalipwa, na mimi nitabaki fundi. Karani hakuwa ndugu yangu. Nilikaa na wazo hilo mpaka jogoo wa kwanza.

Asubuhi nikamwamkia mjomba, "Mwangaluka." Akaitikia. Nikamweleza yote: disko, wembe, yote. Hakunipiga. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Chukua tochi na huo mkebe. Twende."

Tulipitia Mwanza, tukasubiri kivuko Kigongo kwenda Busisi. Daraja limekuja kufunguliwa mwaka 2025, sisi tulisubiri juani na mikebe yetu mapajani. Mjomba hakunisemesha njia nzima.

Kwa bosi, mjomba aliomba tuingie stoo, mlango ufungwe. Akaweka tochi inayowaka ndani ya mkebe, akafunika. Giza totoro, na katikati yake mstari mwembamba wa mwanga pale mdomoni, mwembamba kama uzi wa cherehani. Bosi akasogea, akautazama.

"Hiyo inathibitisha nini?" akauliza.

Mjomba akanigeukia. Nikatoa karatasi, sauti inatetemeka. "Shikamoo bosi. Sijawahi kuliona daftari lako. Lakini Jumanne mlinunua kwa watu 7. Jumatano 19. Alhamisi 12. Ijumaa 4. Jumamosi 15."

Akafungua daftari. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi juu, akapitisha tena. Namba zote tano zililingana. Kama karani angeufungua mkebe, filamu isingeweza kuhesabu siku namna ile. Iliyoungua ilikuwa inaungua tangu Jumanne, wakati hakuna kilichopotea.

Bosi hakuomba radhi. Alitutukana vya kutosha, akakataa kulipa, akasema hataki kuiona tena kamera yetu. Lakini alikwenda, na saa kumi jioni kijana akatoka. Nilimsubiri nje nimwombe msamaha. Alikuwa kavimba jicho moja. Nilipomaliza maelezo yangu ya mahameli na wembe akauliza swali moja tu.

"Ulinyoa ili uwahi wapi?"

Nikashindwa kusema disko. Nikasema, "Nilikuwa na haraka." Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mpaka leo sijakutana naye tena. Pakiti nayo, kwa ninavyojua, haikuonekana.

Mjomba aliirudisha kamera kwenye kabati. Mikebe akaniachia, na kwa mwaka mzima hakuniruhusu kufunga kitu chochote cha mteja bila yeye kukitia tochi kwanza. Nilikasirika. Baadaye nikaona ana haki.

Siku hizi mambo yamebadilika. Geita kuna soko la madini tangu 2019. Mirerani, kwenye tanzanite, ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 mwaka 2018, na kamera zikaja kuufuata. Hakuna filamu, hakuna mahameli, hakuna kusubiri kivuko na mkebe. Lakini kamera za kisasa nazo zina midomo yao. Umeme hukatika, diski hujaa, saa huwekwa vibaya, fundi huwa na haraka ya kwenda zake Ijumaa.

Ndiyo maana juzi, pale dukani, nilimwomba mshikaji wangu kitu kimoja kabla hajamgusa yule kijana: tuangalie kwanza kama siku zilizotangulia zilirekodiwa. Tukaangalia. Kamera ilikuwa haijarekodi kwa siku 11, diski imejaa, na siku zote hizo hakuna aliyejali.

Mshikaji akakuna kichwa. Kijana akainua macho kwa mara ya kwanza.

Labda fedha aliichukua, labda hakuichukua, hiyo itatafutwa kwa njia nyingine. Ila picha kukosekana si picha ya mwizi. Mwenye kamera, kabla hujamshika mtu shati, kwanza zima taa, utie tochi ndani ya mkebe wako mwenyewe.