Panetari ya Mjomba

Katika harusi za Wahindu wa Kigujarati, nguo za bibi harusi zilikuwa na wenyewe wawili, na yeye hakuwa mmoja wao. Ya kwanza ilitoka kwa mjomba, ndugu wa mama yake: panetari, sari ya hariri nyeupe yenye pindo jekundu. Hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye mandapu, kile kibanda cha nguzo nne wanachofungia ndoa. Ya pili, gharcholu, ililetwa na wakwe: nyekundu, imegawanywa kwa nyuzi za zari katika miraba 12 au 52, na ndani ya miraba vitone vya bandhani. Sherehe ikiendelea, alifunikwa hiyo nyekundu juu ya ile nyeupe. Mgeni aliyekaa nyuma kabisa, asiyesikia hata neno moja la Kisanskriti, aliona kwa macho yake kwamba binti ametoka huku na kuingia kule.

Haya niliyajua kabla sijajua kutunga uzi kwenye sindano, maana baba alikuwa fundi cherehani Mombasa, karibu na mtaa wa Biashara, na wateja wake wakubwa walikuwa akina mama wa Kigujarati. Sari yenyewe haishonwi. Kinachomlisha fundi ni blauzi na gagulo la ndani. Kwa kuwa wateja ni wake za watu, vipimo vilichukuliwa na mama nyuma ya pazia, akitaja inchi kwa sauti, na baba akiandika upande wa pili. Wengine hata hilo hawakulitaka, waliacha blauzi ya zamani iwe kigezo, wakasema, "Kama hii, fundi, ila mkono upunguze kidogo." Mama, aliyefunikwa kisutu siku yake ya harusi, aliiita panetari kisutu cha Kihindi, na kwake maelezo yalikuwa yameisha hapo.

Mwenye kuhesabu mapambo angeanza na bangili. Zamani bibi harusi wa Kutch na Gujarati alivaa bangili za pembe za ndovu, na pembe hizo zilitoka kwetu. Karne ya kumi na tisa zilishushwa na misafara pwani, zikapita Unguja, zikavuka bahari hadi Mandvi, Surat na Mumbai, ambako pembe ilikatwa pete pete pale penye uwazi wake. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar zama za Seyyid Said. Kwa hiyo, mkono wa bibi harusi kule ulipata pambo lake kwa mabega ya wapagazi wa huku, jambo ambalo sikumbuki kulisikia likitajwa kwenye karamu yoyote. Mwaka 1989 Kenya ilipochoma tani 12 za pembe mbele ya Rais Moi, na biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku, wengi wa wateja wetu walikuwa wameshazoea bangili za plastiki nyeupe na nyekundu. Ajuza mmoja alikuwa bado na zake halisi, zimegeuka rangi ya samli, na alizifungia kabatini kama mtu aliyeficha magendo.

Nilipokuwa msichana niliamini sari na blauzi yake vimekuwapo tangu dunia kuumbwa. Sivyo. Wanawake wengi wa Kihindi walijitanda sari bila blauzi ya kushonwa. Huko Bengali, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, alikuwapo Jnanadanandini Devi, mke wa kaka yake mshairi Rabindranath Tagore, aliyefuatana na mumewe Mumbai, akaona Waparsi wanavyovaa, akarudi na mtindo wa sari yenye blauzi na gagulo. Mtindo ukaenea. Basi hata kile tunachokiita cha jadi kiliwahi kuwa cha kisasa, na watu walikinunia. Nami siwezi kumlaumu bibi yule. Mkate wetu ulitoka kwake.

Wala Uhindi haina bibi harusi mmoja. Wa Bengali huvaa Banarasi nyekundu, wa Kitamil hariri nzito ya Kanchipuram, Mhindu wa Kerala nguo ya rangi ya maziwa yenye pindo la dhahabu, na Mparsi sari nyeupe. Mimi nawajua wa Kigujarati, nao hulitupia pindo la sari mbele juu ya bega la kulia, wakati mtindo ulioenea kwingi hulirusha nyuma juu ya bega la kushoto. Blauzi za wateja wetu zilishonwa kwa hesabu hiyo.

Niliwahi kufuatana na mteja hadi Jamnagar, mji wa bandhani, kununua gharcholu ya mkwewe. Huko niliona kwa nini kitu kile kilikuwa ghali. Wanawake wamekaa vibarazani mwao, kitambaa mapajani, wanainua nukta ya hariri kwa ukucha mrefu, wanaizungushia uzi, wanakaza, wanahamia nyingine, mwisho hauonekani. Halafu kitambaa kinachovywa rangi, kwanza hafifu, kinafungwa tena, kisha nyekundu. Dukani kinauzwa kikiwa bado kimefungwa, kimejikunyata, ili ujue ni kazi ya mkono. Mkikubaliana bei, watu wawili wanashika ncha na kuvuta, vifundo vinafyatuka vyote kwa mkupuo. Nilicheka kwa sauti kama mtoto. Duka la pili walituonyesha gharcholu nyingine, vitone vimepigwa chapa kwa mashine, bei ndogo mno. Mteja wangu alizishika zote mbili kwa muda mrefu. Alinunua ya mkono kwa ajili ya mkwe, na za chapa kwa ajili ya mashemeji.

Na zari? Ile ya zamani ilikuwa uzi wa fedha uliopakwa dhahabu, na ndiyo sababu sari nyingi za mabibi hazipo tena: zikichakaa waliziuza zikachomwa, fedha ikatolewa.

Kisha zikaja filamu. Mwaka 1994 ilitoka Hum Aapke Hain Koun..!, harusi mwanzo mwisho, na Madhuri Dixit akavaa zambarau na blauzi iliyo wazi mgongoni. Dukani kwetu hapakukalika. Kila dada wa bibi harusi alitaka mgongo ule, na baba, Mungu amrehemu, alikuwa akikata inchi moja juu ya pale alipoambiwa, kisha anasingizia kitambaa. Mwaka 2002 filamu ya Devdas ikaleta lehenga, yaani sketi nzito za darizi, na baada yake bibi harusi wetu wakaanza kuitupa sari.

Lehenga si ngeni. Rajasthani na Punjabi imekuwapo muda wote, na Gujarati yenyewe ina sketi zake za marinda. Kipya ni ukubwa wake. Mapande mengi yanayopanuka kuelekea chini, bitana, tabaka za wavu mgumu za kuitunisha, na juu yake darizi ya zardozi iliyojaa. Nimeshona mikanda ya kiuno ya lehenga ambazo niliziinua kwa mikono miwili. Tena za mahameli! Mahameli Mombasa, mwezi wa Desemba, kaskazi inavuma.

Mwishoni mwa 2017 mwigizaji Anushka Sharma aliolewa Italia kwa lehenga ya waridi hafifu iliyobuniwa na Sabyasachi Mukherjee wa Kolkata, na nyekundu ikaanza kuonekana nguo ya mama mtu. Aprili 2022 mwigizaji mwingine, Alia Bhatt, akaolewa kwa sari nyeupe-maziwa ya mbunifu huyo huyo, na sari ikarudi midomoni mwa wasichana waliokuwa wakiicheka.

Rangi hazinishughulishi sana. Kilichobadilika hasa ni kwamba sasa bibi harusi anachagua mwenyewe. Sina ugomvi na hilo. Nimeshika blauzi za wasichana waliolia kwa sababu mjomba alinunua panetari ya bei rahisi. Lakini yule mgeni wa nyuma siku hizi anaona nguo nzuri tu, hajui imetoka upande gani.

Juzi alinijia msichana wa Nairobi na panetari ya mama yake. Hariri ilikuwa imekatika kwenye kila kunjo, haivaliki tena. Tukatenga sehemu zilizobaki nzima, nikaziunga kuwa pindo la mtandio wa lehenga yake ya rangi ya pichi, aliyoichagua kwenye simu. Mjomba wake yuko Leicester, Uingereza, na ndiye aliyelipa yote, kitambaa na ufundi. Jioni akanipigia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili cha Kisumu ambacho hakijamtoka, aniulize nguo ni ya rangi gani, ajue la kujibu wageni wakimsifia.