Chumba cha Mama



Mama alipopatwa na kiharusi kule Mombasa, sisi wanawe tunaoishi bara tuliafikiana aje akae kwangu Ruiru. Stoo iliyo kando ya sebule ingegeuzwa chumba chenye choo chake, apate sitara na urahisi wa kutia udhu. Fundi aliichora kazi yote kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akasema tuanze Jumatatu.

Kaka yangu aliyeko Thika alinisihi nichore kwanza kwa tarakilishi, ila nisirudie kosa lake. Alipokarabati nyumba yake alilipia programu ya wahandisi kwa mwaka mzima, tena kwa dola. Mwaka ukaisha hajajua kuchora hata mlango.

Basi nikauliza mambo mawili tu: ni bure? Itafanya kazi kifurushi cha intaneti kikiisha? SketchUp ina toleo lisilolipiwa, lakini hutumika mtandaoni. Nikachagua Sweet Home 3D, iliyoanzishwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret mwaka 2006. Ukiipakua katika tovuti yake hulipi kitu, na baada ya hapo huhitaji intaneti.

Usiku ule nilipima stoo, nikaingiza vipimo. Kiti cha magurudumu huhitaji nafasi ya sentimita 150 hivi ili kigeuke. Katika mpango wa fundi, mlango wa choo ukifunguka kwa ndani, zilisalia 95. Mama angeingia, asiweze kugeuka atoke. Dira ya programu nayo ikanifumbua macho: huku kwetu kibla ni kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo, na choo kilielekezwa huko huko.

Tuliugeuza mlango ufungukie nje, sinki tukaisogeza pembeni, choo tukakielekeza upande mwingine. Yote haya kwenye kioo, kabla tofali moja halijavunjwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mchoro hauwezi kukwambia ni ukuta upi uliobeba dari. Kwa hilo tulimlipa mhandisi, kwa fedha ambazo zingekwenda kwenye programu.

Alfajiri ya kwanza nilisikia magurudumu yakipita, kisha maji ya udhu, kisha magurudumu yakirudi. Mama hakuniita.