Tembea Nairobi Polepole, Macho Wazi

Waulize wakazi wa Nairobi wangependa kwenda kutalii wapi, nao watakutajia London, Paris au Dubai. Ni wachache mno watakaoitaja Liechtenstein, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria. Ukubwa wake ni kilomita mraba 160 tu na urefu wake kilomita 25 hivi. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuimaliza kwa siku moja, lakini watalii wengi huipita bila hata kugeuza shingo.

Kabla ya kuwacheka watalii hao, tujiulize. Nairobi yetu ina kilomita mraba 696, zaidi ya mara nne ya nchi hiyo. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuitembea? Asubuhi tunaipita tukisinzia ndani ya matatu, na jioni vivyo hivyo. Basi Jumapili moja vaa viatu vilivyozoea mguu, tutoke katikati ya jiji twende magharibi.

Anzia Kenyatta Avenue. Barabara hii ilifanywa pana hivyo ili mikokoteni ya ng'ombe ipate nafasi ya kugeuka. Kando yake wamesimama wanaume watatu wa shaba, kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yao yapo kwa Kiswahili pia, nayo maelfu ya watu hupita hapo kila siku bila kuyasoma.

Mwendo wa dakika chache utakufikisha Bustani ya Jeevanjee, ambayo tajiri A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji mwaka 1906. Hapa utawakuta wahubiri, wapiga picha na vijana wasio na kazi, wote wakigawana kivuli. Mwaka 1991 ulikuwapo mpango wa kuigeuza bustani hii kuwa maegesho ya magari. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliupinga mpango huo hadi ukatupwa.

Shuka sasa hadi Uhuru Park. Mwaka 1989 hapa palitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akatukanwa hadi Bungeni, lakini hakunyamaza. Wafadhili walijitoa na mpango ukafa. Leo mtoto anayekimbia kwenye nyasi hizo hajui kwamba anakimbia palipotakiwa kuwekwa saruji.

Panda kilima, uingie Arboretum. Msitu huu ulianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingeweza kuwa kuni za gari la moshi. Lipa ada ya kiingilio, ukae chini ya mti, lakini shika ndizi yako vizuri, kwa kuwa tumbili wa hapa hawana haya.

Kutoka hapo, pitia Riverside hadi Westlands. Juu yako patakuwa na barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Kando ya Waiyaki Way umesimama mugumo, mti ambao Wakikuyu huuheshimu tangu jadi kuwa mahali pa kuombea. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 100. Mwaka 2020 ulikuwa karibu kung'olewa ili kupisha barabara hiyo. Watu walipiga kelele, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe.

Je, msomaji, umeona? Bustani, uwanja na mti, vyote vitatu vimebaki kwa sababu yupo mtu aliyevitazama na kuona kwamba ni mali. Mnyakuzi hupenda mahali ambapo hapana anayepaangalia. Anayepita kila siku akisinzia atakuja kushtuka siku mabati yamezungushwa, na aulizapo palikuwa na nini, hatapata wa kumjibu.

Kwa hiyo wachukue watoto Jumapili ijayo. Wakichoka, matatu za kurudi mjini kutoka Kangemi zinapita hapo Waiyaki Way. Safari hii haihitaji pasipoti, na gharama yake haizidi nauli, kiingilio cha Arboretum na mahindi ya kuchoma.